Kanga wa Friza na Mafiga Yangu

Nakumbuka vizuri adhuhuri ile ya masika, mama mkwe wangu alipomshika kanga wangu kwa miguu, ndani ya karatasi yake, na kumgonga juu ya meza, meza ikalia ko! Kanga ninayemsema ni yule ndege wa porini mwenye madoadoa meupe, usije ukadhani nazungumzia leso. Jiko lilikuwa limejaa wake wa boma, moshi umetanda na mvua inapiga bati. Mama mkwe akatutazama sote, kisha akanikazia macho mimi.

"Nyar Kisumo," akasema, yaani binti wa Kisumu, jina aliloniita tangu siku ya kwanza. "Hii ni ndege ama ni maiti ya mochari? Mimi siwezi pelekea Mzee hii kitu."

Wenzangu wakacheka hadi mmoja akashika ukuta. Mimi nilisimama na maji ya mvua yakinichuruzika shingoni, nikahisi masikio yanapata moto. Mwanangu, kabla sijakwambia nilimjibu nini, acha nikurudishe nyuma kidogo, ili ujue kile kicheko kilikuwa kinagusa wapi.

Mimi ni Mragoli niliyezaliwa na kulelewa Kisumu. Baba yangu alikuja mjini kutafuta kazi na hakurudi tena kijijini ila kuzika watu. Niliolewa na Ouma, Mjaluo wa Asembo Bay, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa msichana mwembamba mwenye mdomo mkubwa. Ouma alikuwa fundi wa kutengeneza friji za mahoteli na za wenye maduka. Tulipanga nyumba ndogo mjini, na kila sikukuu tulipanda basi kwenda kwao.

Kwao, mke mpya hana moto wake. Anapika katika jiko la mama mkwe, kwa sufuria za mama mkwe, na chumvi anaonjewa na mama mkwe. Siku mama huyo akiridhika ndipo anamwekea mafiga yake matatu, naye anaanza kuitwa mwenye nyumba. Wake wa mashemeji zangu walikuwa wamepewa mafiga mapema. Mmoja aliolewa nyuma yangu akapewa mbele yangu. Mimi nilikuwa bado nachochea kuni za mama mkwe, na kila aliyepita alijua ni kwa nini: nimetoka mjini, tena si Mjaluo, nitajua nini? Hilo liliniuma sana. Nilikuwa nalia nikirudi Kisumu, Ouma ananipa leso yake ya mfukoni ambayo siku zote ilinuka grisi.

Basi, mwisho wa mwaka mmoja tulikuwa Asembo wakati wa mavuno. Msimu huo kanga walikuwa wakishuka shambani kwa makundi kula mtama, na mashemeji zangu wakiwatega kwa vitanzi vya kamba. Tulikula kanga hadi tukachoka. Mama mkwe akawa analalamika, akisema ndivyo ilivyo kila mwaka, leo wamejaa na masika ikifika hupati hata mmoja, kwa sababu wakati huo wanajitenga wawili wawili na kujificha kwenye majani marefu kuatamia. Akasema ubaya ni kwamba rafiki mkubwa wa Mzee, yaani wa baba mkwe wangu, aitwaye Mzee Ogutu wa Mbita, ng'ambo ya ziwa, atakuja Pasaka, na yule bwana hapendi kitu duniani kama kanga.

Mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema mbele ya wake wote, "Mama, mimi nitakuletea kanga Pasaka."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kwa friza yetu. Nipe hawa wa sasa, nitawaweka."

Mama mkwe aliacha kupepeta. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kusikika hadi ziwani. "Sawa," akasema. "Lete. Ukileta, utapika wewe. Bakuli ya Mzee na mgeni ikirudi tupu, nakupa mafiga yako siku hiyo hiyo. Ikirudi na nyama, usiwahi niuliza mambo ya mafiga tena."

Nikakubali. Kama ningejua kazi niliyojitwika ningemeza ulimi.

Friza yenyewe ilikuwa sanduku kubwa ambalo hoteli moja ililitupa kwa sababu mfuniko haukushika tena. Ouma aliubandika mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli kuzunguka kingo zote, akabadilisha waya, likaanza kunguruma kama paka. Lilichukua nusu ya chumba chetu. Wageni walikalia juu yake.

Tulirudi mjini na kanga wachache walio hai, miguu imefungwa, wakipiga kelele kwenye basi njia nzima. Wa kwanza nilimchinja, nikamnyonyoa, na akiwa bado na joto nikamtumbukiza kwenye friza kando ya samaki wa Ouma, uchi vile vile. Wiki chache baadaye tukamtoa kumjaribu. Alikuwa na mabaka meupe, makavu, ananuka ngege, wale samaki wa Ouma, na nyama yake ilitushinda kutafuna. Ouma alitafuna, akapumzika, akatafuna tena. Akaniambia, "Mke wangu, huyu tungemshonea kiatu." Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa woga, kwa sababu kanga waliobaki walikuwa wachache na Pasaka haingoji mtu.

Ouma ndiye aliyenieleza jinsi hewa baridi inavyokausha nyama isiyofunikwa, na mengine nikayatafuta mwenyewe. Waliobaki niliwachinja jioni moja yenye upepo. Nikawanyonyoa, nikawababua manyoya madogo kwa moto wa karatasi, nikawasafisha tumbo, nikawatundika darini hadi asubuhi wapoe na nyama ilegee. Niliwapangusa kwa kitambaa hadi wakawa wakavu kabisa. Kisha nikawafunga kwa karatasi za mkate. Wakati ule mkate ulifungwa kwa karatasi yenye nta, na karatasi hiyo haipitishi maji wala harufu. Niliomba karatasi mtaa mzima, hadi jirani mmoja akaniuliza kama mume wangu anakula mikate ya duka zima peke yake. Kila ndege nilimkaza karatasi juu ya karatasi, hewa yote ikatoka, nikafunga kwa kamba ya katani. Samaki wakahamishiwa upande wao, nikawawekea ubao katikati.

Kuna jambo jingine nililofanya, na nililifanya bila hata kufikiri. Kila firigisi niliipasua, nikaiosha mchanga, nikaiondoa ngozi ya ndani, nikaifunga kivyake kwenye karatasi, nikairudisha ndani ya tumbo la ndege wake. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuniketisha kunifundisha hilo. Nilikua nikiona mama yangu akipika kuku, na firigisi ikiwekwa juu kabisa ya sahani ya baba. Siku moja ndugu yangu aliila kwa siri, na hata leo tukikutana tunamkumbusha.

Jumamosi kabla ya Pasaka, mimi na Ouma tuliondoka Kisumu alfajiri. Ndege niliwazika kwenye kasha lililojaa vumbi la mbao, kama wachuuzi wa samaki wa ufuko wa Dunga walivyofanya na barafu yao, nikafunika kwa gunia. Barabara ilikuwa tope tupu. Tulipofika Asembo walikuwa bado wagumu. Hapo ndipo yule wa kwanza alipogongwa mezani, na mimi nikaambiwa nimeleta maiti.

Ouma alikuwa amesimama mlangoni na kasha mikononi. Aliona uso wangu, akaninong'oneza, "Turudi. Basi bado iko stendi." Nilitamani kurudi, mwanangu, sitakuficha. Lakini nilijua nikitoka jikoni mle siku ile, sitaingia tena nikiwa na uso. Nikamjibu mama mkwe kwa heshima, macho chini.

"Mama, ni kanga wale wale wa shamba lako. Wamelala tu. Niachie hadi asubuhi."

Akawageuza geuza. Akawanusa. Kisha akauliza.

"Na firigisi?"

"Ziko ndani, Mama."

"Ndani wapi? Nyinyi watu wa town hutupa matumbo yote kwa takataka. Nimeona kule sokoni. Unajua ukipelekea mwenye boma ndege bila firigisi umemwambia nini? Umemwambia yeye si mtu. Tena mbele ya mgeni! Kama haiko, afadhali Mzee akule omena."

"Ziko ndani," nikarudia. Lakini ndege walikuwa jiwe, na hakukuwa na njia ya kuonyesha. Nikawaweka ndani ya nyungu, nikaisimamisha kwenye kona ya baridi, nikafunika. Mwenzangu mmoja alinishauri niwamwagie maji moto ili wafunguke haraka. Nilikataa. Nilikuwa nimejifunza Kisumu kwamba ndege akifunguliwa kwa haraka, maji yake yote humtoka, akabaki kamba tupu.

Asubuhi ya Pasaka, wengine wakijiandaa kwenda kanisani, mama mkwe alikuja mwenyewe kwenye nyungu. Alifungua karatasi ya kwanza. Ngozi ilikuwa imetulia, haina baka, ina rangi yake ile ile. Akatia vidole ndani ya tumbo, akatoa kifurushi kidogo, akakikunjua polepole. Firigisi ikaangukia kiganjani mwake, safi kabisa. Akafungua wa pili. Ikatoka nyingine. Alipomaliza alikuwa ameshika firigisi zote kwenye viganja viwili, ananitazama kama aliyeniona mara ya kwanza.

"Nani amekufundisha hii?"

"Mama yangu. Kwetu pia ni ya baba."

"Kwenu? Maragoli?"

"Ndiyo, Mama."

"Yawa!" akasema, akaketi kwenye kigoda. Akaniuliza kwetu wanaikataje, nani anaigusa wa kwanza, mtoto wa kiume akiila anafanywa nini. Nikamweleza habari za ndugu yangu, akacheka hadi akajifuta macho. Nadhani ni siku ile alipogundua kwamba hata sisi tulilelewa na watu. Moyo wangu ulipanda juu, nikaona nusu ya vita imekwisha.

Nikapika. Kanga hawa walikuwa wakongwe, nilijua kwa magamba magumu ya miguu na midomo isiyopindika, kwa hiyo sikuthubutu kuwachoma. Niliwachemsha kwa moto mdogo kwenye chungu kilichofunikwa, maji kidogo na chumvi, kuanzia kengele ya kwanza ya kanisa hadi watu walipoanza kurudi. Nyama ilipoanza kuachana na mfupa, nikakaanga vitunguu kwa samli, nikatia nyanya, nikarudisha ndege, nikamimina karanga nilizosaga mwenyewe kwenye jiwe. Harufu ikatoka nje. Watoto wakaanza kuja mlangoni mmoja mmoja, kila mmoja amesahau kitu jikoni.

Mzee Ogutu alikuwa amevuka kwa boti hadi Luanda Kotieno, akaja kwa miguu na mwavuli. Alikuwa mrefu, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hanawi mikono kabla hajanusa chakula. Walikaa na baba mkwe katika nyumba ya Mzee, wakicheka habari za ujana wao.

Nikapakua. Firigisi nikaziweka juu kabisa. Kisha nikamwambia mama mkwe kwa sauti ya chini, nikijiona mjanja, "Tusiwaambie wametoka kwenye friza. Wale kwanza. Wakishamaliza ndio tuwaambie, tuone watasema nini."

Mwanangu, alinyoosha mkono akaishika bakuli nisiinue. Hakupandisha sauti, na ndiyo maana nilisikia kila neno.

"Hapana. Hapa kwangu mtu haambiwi amekula nini baada ya kula. Anaambiwa kwanza. Akitaka anakula, hataki anaacha. Unataka kushinda hawa wazee kama watoto? Ukinirudishia bakuli tupu kwa kuficha, hiyo mafiga sikupi, maana utakuwa umeiiba."

"Lakini Mama, wakisikia friza hawatagusa!"

"Basi hawatagusa. Twende. Utasema wewe mwenyewe."

Sijawahi kutembea uwanja mrefu kama ule, na ulikuwa hatua chache tu. Mvua ilikuwa imepungua. Mama mkwe mbele na bakuli, mimi nyuma na ugali wa mtama. Mke hasimami kumkabili baba mkwe wake, kwa hiyo nilipiga magoti hapo mlangoni, nikatazama mkeka.

"Baba," nikasema, "hawa ni kanga wa mwisho wa mwaka. Niliwagandisha kwenye friza kule Kisumu, nikawaleta jana. Sikutaka mle bila kujua."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye paa. Mzee Ogutu akainama juu ya bakuli, akanusa. Akanusa tena.

"Omera," yaani ndugu yangu, akamwambia baba mkwe, "hii ndege imekufa mwaka jana?"

"Wameniambia hivyo," baba mkwe akajibu. Kisha akaona firigisi zimepangwa pale juu, akazihesabu kwa macho. Akachukua moja, akaikata, nusu akampa rafiki yake. Akatia yake mdomoni. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliishika tangu Desemba.

Mzee Ogutu akatafuna taratibu. "Mimi nimekula samaki ya leo asubuhi," akasema, "na haikuwa tamu kama hii maiti."

Kwa hiyo habari za maiti zilikuwa zimeshafika hadi huko! Mama mkwe akafunika uso kwa mkono. Wazee wakacheka, tukatoka, tukarudi jikoni kungoja. Kungoja ndiko kulikonimaliza. Nilipanga vijiko, nikavipangua. Hatimaye tukaitwa. Mama mkwe akaenda mwenyewe, akarudi ameinamisha bakuli mbele ya wake wote ili kila mtu aone ndani. Hata mchuzi haukuwamo. Walikuwa wamepangusa kwa ugali, na mifupa ilikuwa imekaa kando, mikavu kama kuni.

"Wanauliza kama iko ingine," akasema.

Nilipiga kigelegele, mwanangu. Nilikipiga hadi Ouma akatoka mbio akidhani kuna mtoto amezaliwa. Wale wenzangu waliocheka jana wakanipokea kwa vigelegele vyao, yule aliyeshika ukuta akanishika mimi, tukaruka ruka kwenye tope kama wasichana. Hata leo nikiikumbuka nafurahi upya.

Kabla jua halijazama, mama mkwe alifunga khanga kiunoni, akachagua mawe matatu, akayabeba mwenyewe moja moja hadi nyuma ya nyumba yetu ya pale bomani. Ouma alitaka kumsaidia, akafukuzwa. Akayapanga, akayatikisa kuona kama yamekaa. Kisha akaenda kwenye moto wake, akachota makaa kwa kigae, akayaleta na kuyaweka katikati ya mafiga yangu. Akapuliza hadi moshi ukapanda. Akanishika mkono, akaniita jina langu la ubatizo, ambalo sikujua kama analijua.

"Rabeka, pika," akasema.

Nililia. Na kesho yake tulipokuwa tunafunga mizigo, alikuja na kikapu cha ngege na kifurushi cha nyama ya mbuzi. Akaniuliza bila kunitazama, "Hiyo friza yetu, iko na nafasi?" Ilikuwa yetu kuanzia siku hiyo, na miaka yote iliyobaki sikuweza kupata mahali pa kuweka hata siagi yangu.

Sasa kanga wa porini serikali inawalinda, na ni vizuri, waache watage. Lakini wapo wa kufugwa, na friza mnazo zinazong'aa. Ukimweka ndege, mwache apoe, mkaushe, mfunge hewa isimguse, na ukimtoa usimharakishe. Hayo ni ya jikoni. La maisha ni hili. Utaingia nyumba za watu na vitu vipya mikononi: elimu mpya, mashine mpya, mawazo mapya. Usiwachukie watu kwa kuvitilia shaka. Uliza kwanza nyumba ile inaheshimu nini, ukilinde hicho kabla ya kuonyesha chako. Wakikucheka, usikimbilie basi. Na ukitaka kuwashinda, washinde mchana, wakijua kila ulichotia kwenye chungu, ili mtu asije siku moja akakuambia ulimdanganya. Ushindi wangu nimeula miaka hii yote na bado ni mtamu, kwa sababu mama mkwe alinikataza kuuiba.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moto usiozimika na watu wa kuuzunguka. Bakuli zako zirudi tupu, mlango wako usikose mgeni, na yule atakayekuonea shaka leo, aje kesho na kikapu chake akuombe nafasi. Amina.